Nusu kilo ya maharage: mkaa, gesi, presha ya umeme au kikapu cha joto?

Maharage makavu ni chakula cha bei nafuu kinachotaka moto wa bei ghali. Nusu kilo ikibandikwa bila kulowekwa hutokota saa mbili na nusu, na kama ni ya msimu uliopita hufika saa tatu. Ile akiba ya kununua maharage badala ya nyama huliwa pole pole na jiko.

Wazee walilijua hilo. Maharage yalilowekwa tangu jioni, chungu kilipandishwa mafigani pale moto wa chakula kingine unapopoa, na wali ulipaliwa makaa juu ya mfuniko ili kuni za chini zipunguzwe. Leo kuna mtungi wa gesi, kuna sufuria ya presha inayotumia umeme, na kuna watu wanaorudia kikapu kilichojazwa sufi au nyasi ili sufuria iivie humo bila moto. Kila njia ina mashabiki wake na kila shabiki anadai kwamba yake ndiyo ya akiba. Hapa chini njia hizo zimepimwa kwa kazi moja: kuivisha nusu kilo ya maharage mpaka yawe tayari kuungwa. Kazi hii imechaguliwa kwa sababu ndiyo inayozitofautisha. Kwa chai au mayai, zote zinakaribiana.

Unalipia nini sufuria ikishachemka

Kuchemsha lita 3 za maji kutoka nyuzi 25 za Selsiasi hadi 100 kunahitaji joto la karibu kilojuli 940, yaani kama robo ya uniti ya umeme. Kugeuza lita moja tu ya maji hayo kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 2,257, zaidi ya mara mbili. Sufuria iliyo wazi, yenye moto mkali, inayorukaruka kwa saa mbili, inapeleka fedha darini.

Na maji yakishachemka, kuongeza moto hakuongezi joto lake. Maharage hayajui kama maji yanaruka au yametulia. Yakiwa kwenye nyuzi 90 na kitu, yanaiva. Kwa hiyo ubahili wa maana jikoni huanzia pale sufuria inapochemka. Swali la kuuliza kila njia ni hili: baada ya hapo, inafanya nini na joto?

Kuloweka kwanza, kwa njia yoyote utakayochagua

Nusu kilo kwa lita 1.5 hadi 2 za maji, saa 8 hadi 12, pamoja na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Wengi huogopa kwamba chumvi hukaza maharage. Kwenye maji ya kulowekea ni kinyume chake, inasaidia ganda kulainika. Mwaga maji hayo, suuza, weka mapya. Maharage yaliyokunywa maji vizuri huwa na uzito wa karibu mara mbili, hivyo nusu kilo inakuwa kama kilo moja.

Dar es Salaam, Mombasa na kwingine kwenye joto, zaidi ya saa 12 huleta povu na harufu ya kuchacha. Badilisha maji katikati au yaweke kwenye friji. Umesahau usiku? Chemsha dakika 3, zima, funika saa moja, mwaga maji hayo. Haifikii kulala usiku, lakini inapunguza muda sana.

Yakigoma kuiva hata baada ya kulowekwa, tazama mambo matatu kabla ya kulaumu jiko. La kwanza ni umri: maharage yaliyokaa stoo yenye joto na unyevu huwa magumu kwa namna ambayo muda tu hauitibu, rangi yake imefifia au kuwa ya kahawia na ganda halina mng'ao. La pili ni maji ya kisima yenye chokaa, ambayo hukaza ganda. Tumia maji ya mvua, au robo kijiko cha chai cha magadi kwa nusu kilo. Ukizidisha magadi, mboga inakuwa nyeusi yenye ladha ya sabuni, na vitamini B1 nyingi inaharibika. La tatu ni nyanya, ndimu au ukwaju vilivyowekwa mapema. Ukali huzuia kulainika, kwa hiyo vyote hivyo vingoje mpaka harage liminyike kwa vidole viwili.

Kuna sharti moja la afya lisilo na mjadala. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini inayosababisha kutapika na kuhara. Huvunjika kwa kuchemka kwa nguvu angalau dakika 10. Kuyapasha polepole chini ya nyuzi 80 hakuivunji. Sharti hili litarudi tukifika kwenye kikapu.

Hesabu kwa kila njia

Makadirio haya yanatokana na hesabu ya nishati kwa sufuria iliyofunikwa, kwenye maeneo ya chini kama pwani. Bei ni za mfano, kwa shilingi za Tanzania: mkaa sh 1,000 kwa kilo, gesi sh 4,000 kwa kilo, umeme sh 356 kwa uniti. Weka za kwako.

| Njia | Nishati | Gharama (sh) | Muda wako jikoni |
|---|---|---|---|
| Mkaa, jiko la bati tupu, bila kuloweka | kilo 0.7–1 | 700–1,000 | saa 3, ukichochea na kuongeza maji |
| Mkaa, jiko la udongo, yaliyolowekwa | gramu 300–400 | 300–400 | saa 1.5 |
| Gesi, bila kuloweka | gramu 100–150 | 400–600 | saa 2.5, ukiongeza maji |
| Gesi, moto mdogo, yaliyolowekwa | gramu 60–80 | 240–320 | saa 1.25 |
| Gesi na kikapu, yaliyolowekwa | gramu 45–55 | 180–220 | dakika 30, kisha saa 3–4 bila wewe |
| Presha juu ya gesi, yaliyolowekwa | gramu 35–45 | 140–180 | dakika 35 |
| Presha ya umeme, bila kuloweka | uniti 0.4–0.5 | 142–178 | dakika 5, kisha saa 1.25 bila wewe |
| Presha ya umeme, yaliyolowekwa | uniti 0.3–0.35 | 107–125 | dakika 5, kisha dakika 45 bila wewe |

Tazama mistari miwili ya gesi bila kikapu. Kuloweka na kupunguza moto, mambo yasiyogharimu hata senti, kunaokoa gramu 40 hadi 70. Kikapu juu ya hapo kinaongeza gramu kama 20. Anayenunua kikapu huku haloweki ameanzia mlango wa nyuma.

Ukitaka takwimu za nyumba yako, pima mtungi kwa mizani ya kuning'iniza kabla na baada ya kupika, mara tano, ugawe. Kwa umeme, soma mita ya LUKU huku friji na pasi vikiwa vimezimwa. Kipimo cha mara moja hudanganya, kwa sababu mizani nyingi za dukani haziwezi kuona tofauti ya gramu 50.

Mkaa: njia pekee isiyo na swichi

Jiko la bati tupu hupeleka sufuriani karibu sehemu moja ya tano tu ya joto la mkaa. Lenye ganda la udongo ndani, lile la kiuno chembamba lililosambaa Kenya miaka ya 1980 kisha likaigwa kote Afrika Mashariki, hupeleka robo hadi theluthi. Tofauti hiyo pekee inatosha kulilipia jiko la udongo ndani ya miezi michache. Ganda likipasuka na vipande kuanza kudondoka, rudisha kwa fundi alibadilishe. Kuendelea nalo ni kurudi kwenye jiko la bati.

Udhaifu mkubwa wa mkaa hauko kwenye jiko. Mkaa hauzimiki kwa kugeuza kitufe. Sufuria inapochemka, nusu ya ulichomimina bado inawaka, na utalipia joto hilo ulitumie usilitumie. Ndiyo maana zamani mapishi yalikuwa na foleni. Foleni yenye faida kwa gramu 350 hadi 400 za mkaa ni hii: maharage yaliyolowekwa yanatangulia moto ukiwa mkali, yachemke dakika 15, yateremshwe yakiwa yamefunikwa. Hapo jiko linapika chai na ugali. Moto ukishuka, sufuria ya maharage inarudi, makaa yanafunikwa majivu mepesi, mlango wa jiko unafungwa, na unaondoka kwa saa moja. Wanaokosea huyaweka maharage mwisho tu, juu ya makaa yanayokufa, bila kuyachemsha kwanza. Yanakaa kwenye joto la katikati, hayaivi, na lektini haijaguswa.

Makaa yaliyobaki yazimwe kwenye kopo la chuma lenye mfuniko unaobana. Yakikosa hewa, yanakufa kwa dakika kumi na kitu na kesho yanawaka haraka. Usiyamwagie maji: ganda la udongo hupasuka, na mkaa uliolowa unapoteza sehemu ya joto lake kujikausha. Wala usifanye haya yote ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa unaofukuta chini ya majivu hautoi moshi wa kukuamsha, lakini unatoa kaboni monoksaidi, na hiyo huua.

Gesi

Hapa hakuna siri nyingi. Tumia kichomeo kidogo kuliko vyote, miali isizidi kitako cha sufuria, mfuniko ukae sawa, na ukiona maji yanatikisika tu pembezoni basi moto unatosha. Mwali wa njano na masizi kwenye sufuria ni dalili ya tundu la gesi lililoziba au hewa isiyochanganyika vizuri. Safisha kichomeo kwa brashi kavu na tundu kwa sindano nyembamba bila kulipanua. Upepo wa dirishani huiba joto jingi kuliko watu wanavyodhani.

Mitungi midogo yenye kichomeo juu yake ina kasoro yake. Moto wake ukiupunguza sana huzimika, hasa penye upepo, na gesi ikaendelea kutoka. Mwenye mtungi wa namna hiyo hawezi kuchemsha maharage kwa moto mdogo kwa uhakika. Kwake kikapu si pambo.

Presha

Sufuria ya presha inafanya kitu ambacho njia nyingine haziwezi, inapandisha joto la maji kupita 100. Ile ya kuweka juu ya jiko hufika karibu nyuzi 120, ya umeme nyingi huishia karibu 115. Maharage yaliyolowekwa huhitaji dakika 15 hadi 20 baada ya presha kujaa, yasiyolowekwa 45 hadi 50.

Kwa ile ya jikoni, makosa ya kawaida ni mawili. Kujaza kupita nusu: maharage hutoa povu, maganda hupanda na kuziba tundu la mvuke. Kijiko kimoja cha mafuta hupunguza povu. Kosa la pili ni kuacha moto mkali baada ya presha kulia. Mvuke unaofoka ni gesi yako inayotoka. Punguza mpaka ilie mara chache tu. Raba ya mfuniko ikianza kuwa ngumu au kupasuka, sufuria haitajaa presha na utakaa unangoja bure. Nunua raba ya saizi ileile, usikate mpira wa baiskeli.

Ya umeme ndiyo inayoshangaza walioizoea gesi. Ina wati 1,000, namba inayotisha, lakini haiwaki muda wote. Ikishajaa presha hujizima na kuwaka kidogo kidogo, na sufuria yake imezungukwa na mfuko wa hewa ndani ya ganda. Kwa maneno mengine, ndani yake kuna kikapu. Ndiyo sababu ya ule mstari wa chini kabisa kwenye jedwali.

Tanzania kuna jambo jingine la kuangalia. Walio kwenye kundi la bei ya umeme la D1, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa sh 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Ikizidi hapo uniti za ziada hupanda hadi sh 350. Sufuria tatu za maharage kwa wiki ni uniti 4 hadi 6 kwa mwezi. Aliye kwenye uniti 60 ana nafasi. Aliye kwenye 73 apige hesabu kwanza, maana kuvuka mara kwa mara kunaweza kumtoa kwenye kundi hilo kabisa.

Yanayoharibika: nyanya ya kopo au unga uliotangulia chini hushika kitako, mashine inasoma kwamba imeungua na kusimama katikati. Ekstensheni nyembamba ya bei ya chini hupata moto na kuyeyuka. Chomeka moja kwa moja ukutani. Kufungua mvuke ghafla maharage yakiwa ndani hurusha supu yenye povu hadi darini, hivyo acha presha ishuke yenyewe dakika 15, muda ambao maharage yanaendelea kuiva bila umeme. Na mwiko uwe wa mti, kwa sababu utando wa sufuria ya ndani ukichunika, ya kubadilisha haipatikani kila duka.

Kikapu cha joto

Wazo ni la zamani na si la sehemu moja. Mwaka 1867 chombo cha namna hii kutoka Norwe kilioneshwa kwenye maonesho ya dunia jijini Paris, na wakati wa vita vikuu vya dunia Waingereza walipikia kwenye masanduku ya nyasi kavu ili kubana matumizi ya makaa ya mawe na gesi. Kupalia wali ni binamu yake: joto linazuiwa lisitoke kwa juu.

Kutengeneza hakutaki fundi. Kwa sufuria ya kipenyo cha sentimita 24, ile ya bati isiyo na mkono mrefu (mkono mrefu haufungiki), tafuta kapu, tenga au boksi gumu la upana wa sentimita 42 hadi 44. Chini weka sentimita 10 za kijazio, pembeni 8 hadi 10. Shona mto wa juu wenye unene wa sentimita 10 hadi 12, mpana kuliko mdomo wa kapu ili ubane. Kitambaa cha ndani kiwe cha pamba, marekani au kanga kuukuu, mita mbili zinatosha.

Kwa kijazio, sufi ni bora kuliko vyote vinavyopatikana pwani: nyepesi, hainywi maji haraka, na kilo moja hadi moja na nusu inatosha kapu zima pamoja na mto. Vipande vya nguo kuukuu au blanketi vinafanya kazi vikiwa vimechambuliwa, si vimeshindiliwa, kwa sababu kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa katikati. Majani makavu ya mgomba na nyasi ni sawa, lakini yabadilishwe kila baada ya miezi michache. Maranda ya mbao na pumba za mpunga ni nzito kidogo na hutaka unene wa sentimita 12. Sponji ya godoro inahifadhi joto vizuri lakini inayeyuka ikigusana na kitako kilichotoka motoni, kwa hiyo iwe na tabaka mbili za kitambaa nene juu yake.

Kabla ya kupikia, pima. Chemsha lita 4 za maji, funga kikapuni saa 4, fungua na kipimajoto. Nyuzi 80 au zaidi, kapu ni zuri. Kati ya 70 na 80, linafaa maharage ukirudisha motoni mara mbili. Chini ya hapo, tafuta linakovujia, na mara nyingi ni mto wa juu au pengo kati ya sufuria na ukuta.

Kwa nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa, weka lita 1.5 za maji mapya kwenye sufuria ambayo yataijaza theluthi mbili au zaidi. Sufuria yenye nafasi tupu hupoa haraka, kwa kuwa wingi wa chakula ndio akiba ya joto. Chemsha kwa nguvu dakika 15. Usifunue kuonja. Futa kitako kwa kitambaa kibichi, hasa ukitoka kwenye mkaa: kaa dogo lililonata likiingia kwenye sufi linaweza kufukuta saa nzima kisha kuwasha nyumba. Ingiza, bana mto, acha saa 3. Rudisha motoni mpaka ichemke tena, onja. Kama bado, dakika 5 za kuchemka na saa nyingine moja kapuni. Nazi, nyanya na kitunguu huja baadaye wakati wa kuunga.

Maji ni kosa la wengi. Kikapuni hakuna mvuke unaotoka, kwa hiyo kipimo cha kawaida huleta supu. Kwa wali, kikombe kimoja cha mchele na kimoja na nusu cha maji, dakika 5 za moto, dakika 40 kapuni. Makande ya mahindi yaliyokobolewa yanahitaji kulowekwa saa 12, dakika 30 za kuchemka, saa 4, kurudia kuchemsha, saa 2. Nyama iliyokatwa vipande vya sentimita 4 hukubali. Kwato na kuku wa kienyeji mzee havikubali, vipelekwe kwenye presha.

Hatari ya kikapu ni kusahau. Chakula kikishuka chini ya nyuzi 60 kinakuwa kitalu cha vijidudu, na kapu lilelile lililozuia joto lisitoke linakizuia kisipoe. Usiku kucha ni kirefu mno. Asiye na kipimajoto ashike ubavu wa sufuria kwa kiganja: ukivumilia bila kuuachia upesi, joto limekwisha kushuka. Maharage yaliyokaa hivyo kwa saa nyingi yasipashwe kwa matumaini. Yamwagwe.

Baada ya kila matumizi anika mto na bitana juani. Sufi yenye unyevu hupoteza joto na huota ukungu ndani ya wiki.

Ukiwa nyanda za juu

Maji huchemka kwa nyuzi moja pungufu kwa takriban kila mita 300 za mwinuko. Mbeya na Nairobi, karibu mita 1,700, ni nyuzi 94. Kikapu kinaanza safari kikiwa na akiba ndogo, na usiku wa Juni jikoni ni baridi. Huko ongeza dakika 10 za kuchemka, panga kurudisha motoni mara mbili bila kujadiliana nacho, na usitegemee muda ulioandikwa na mtu wa Tanga. Presha haiepuki mwinuko kabisa, ila ongeza dakika 5 tu na inatosha. Kama Njombe unapika maharage kila siku nyingine, presha ya aina yoyote ni bora kuliko kikapu.

Nani achukue nini

Mwenye umeme wa uhakika na anayeweza kutoa fedha ya presha ya umeme kwa mara moja, achukue hiyo kwa maharage, makande na nyama ngumu. Kwa kazi hizi haina mpinzani, na anayesema umeme ni ghali kuliko gesi kwa maharage hajasoma mita yake. Akope kwa ajili yake? Hapana. Kwa tofauti ya sh 120 hadi 200 kwa sufuria dhidi ya gesi iliyotumiwa vizuri, riba inaweza kuimeza akiba yote.

Mwenye gesi peke yake na anayepika maharage mara tatu kwa wiki, presha ya jikoni inalipa. Kikapu cha kununua kwa sh 15,000 kikiokoa sh 80 kwa sufuria kinahitaji sufuria karibu 190 kujilipa, zaidi ya mwaka. Kikapu cha kujitengenezea kwa boksi na blanketi kuukuu kinajilipa siku ya kwanza. Hoja kubwa ya kikapu, hata hivyo, haiko kwenye gesi. Ni kwamba unaondoka. Muuza genge anayebandika saa kumi na moja alfajiri na kufunga banda saa nne asubuhi hawezi kuacha jiko linawaka nyumbani na watoto. Kikapu anaweza kukiacha. Na umeme ukikatika presha ikiwa katikati, maharage yale yanaweza kuchemshwa kwenye gesi na kumaliziwa kapuni.

Anayepikia mkaa asianze na kikapu. Aanze na jiko la udongo, kuloweka, na ile foleni ya mapishi. Kikapu kitamfaa tu akiwa na sufuria nyingine ya kupandisha mara moja, au kopo la kuzimia makaa. Vinginevyo maharage yataiva bure kapuni huku mkaa ukiungua bure jikoni.

Mwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, anayeishi peke yake, ana kikapu tayari. Gramu 100 za maharage yaliyolowekwa, yachemshwe dakika 15, yamiminwe na maji yake yakichemka kwenye chupa iliyosuuzwa kwa maji ya moto, saa 4. Chupa ya mdomo mwembamba isijaribiwe, kuyatoa ni kazi kuliko kuyapika.

Kwa njia yoyote, kilo moja haili moto mara mbili ya nusu kilo, kwa hiyo pika nyingi ugawe. Sufuria ya kikapu ya lita 5 inachukua kilo nzima. Presha ya umeme ya lita 6 isizidi gramu 750 za maharage makavu, kwa ile kanuni ya nusu. Yakiiva, yatoe kwenye chombo kipana yapoe ndani ya saa moja au mbili, yagawe kwenye vyombo vya mlo mmoja mmoja bila kuyaunga, siku 3 hadi 4 kwenye friji au miezi kadhaa kwenye friza. Maji yaliyopikia yaende nayo, ndiyo yatakayofanya mchuzi mzito siku ya kuunga.